Kisanduku cha Kunyamazisha Mita

Mita ya Bu Kuntari ilianza kulia asubuhi, watu wakiwa bado wanakunywa kahawa, na haikuchukua muda kichochoro kizima kikajua kwamba mwanamke mwenye viyoyozi vitatu hana umeme wa kumfikisha jioni.

Surabaya, mji wa Indonesia ambako kila mama huitwa Bu, mita hupigiliwa ukutani mbele ya nyumba, mahali pa wazi kabisa, kana kwamba aliyeamua hivyo alikuwa na kisasi na majirani. Umeme ukikaribia kwisha, mita hulia ti-ti-ti bila kupumzika mpaka mwenye nyumba anunue mwingine na kuilisha namba mpya. Mtu anaweza kuficha mume mlevi, mtoto aliyefeli, hata friji ya mkopo. Mita haimfichii mtu.

"Bu Kun, kichanga chako kinalia," alisema Bu Wiwik, mwenye kibanda cha kahawa na wali wa mboga, kwa sauti iliyokusudiwa kufika mwisho wa kichochoro.

"Nimesikia, Bu. Namsubiri baba watoto arudi na simu."

"Juzi pia ulikuwa unamsubiri."

"Kwani kwako hailii?"

"Kwangu italilia nini? Nina taa mbili na feni, na feni yenyewe huzunguka ikijisikia."

Wateja wakachekea vikombeni. Bu Kuntari akarudi ndani akaubamiza mlango, na kwenye benchi la mwisho Jatmiko akaacha kutafuna.

Huyu Jatmiko alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limenyooshwa kwa pasi, ulimi umetiwa mafuta. Mtaa aliotoka alikuwa ameuza vidonge vya kutia kwenye tangi la pikipiki ili petroli isiishe upesi, na waendesha pikipiki wa huko walikuwa na hamu kubwa ya kuonana naye tena. Hakuwa mtu mbaya, kwa maelezo yake mwenyewe. Alikuwa anakusanya akiba afungue duka la simu kule Batu, kwenye ubaridi wa milimani, astaafu, aoe, aanze kulalamika kwamba vijana wa siku hizi si waaminifu. Ilibaki kazi moja nzuri tu.

Akachungulia dirisha la Bu Kuntari. Mapazia yalikuwa yamefungwa, umebaki upenyo mdogo, na ndani taa zote zimewashwa, katika mji ambao jua lake hubabua rangi ya milango. Televisheni ilikuwa inahubiria makochi matupu. Sufuria ya umeme ilikuwa inaupasha tangu alfajiri wali ambao ungeliwa usiku, na pembeni yake mashine ya maji ya kunywa ilichemsha upande huu na kupoza upande ule, ikingoja mtu apate kiu. Friji zilikuwa mbili, na ya pili kazi yake ilikuwa kuonekana.

Mwingine angeona umeme unaopotea bure. Jatmiko aliiona aibu ya mtaa inayotafuta dawa, na dawa ya aibu haijawahi kuwa na bei maalumu.

"Mtaa mzuri huu, Bu," alimwambia Bu Wiwik alipokuwa anamwongezea kahawa. "Watu wanajiweza."

"Wanajiweza kwa mikopo. Lakini si haba, upatu wetu wa wanawake unakwenda vizuri. Tunataka kununua paneli za sola za pampu ya msikiti. Ile pampu inakula sadaka yote ya Ijumaa, na sadaka ikiisha tunabeba maji kwa ndoo mpaka mabega yanatoka mahali pake. Tumebakiza kidogo tu."

"Pesa anatunza nani?"

"Mimi. Kwa nini?"

"Nasifu tu, Bu. Siku hizi waaminifu wamekuwa adimu."

Jatmiko alilipia kahawa, jambo ambalo wanaomfahamu wangelishtukia.

Aliporudi alikuwa amevaa kofia ngumu ya mafundi na ana mkokoteni wa visanduku vyeupe vya plastiki. Kila kimoja kilikuwa na plagi nyuma, taa ndogo ya kijani mbele, na ndani mchanga aliouchota kwenye nyumba inayojengwa jirani na alikopanga. Mchanga ulikuwa wa kuongeza uzito, kwa sababu mnunuzi wa mjini haamini macho yake, huamini mkono wake.

Upatu siku hiyo ulikutana kwa Bu Kuntari, na Bu Kuntari alikuwa amewasha viyoyozi vyote vitatu kwa heshima ya wageni. Wanawake walikuwa wamekaa wamejifunika mitandio mpaka puani, wanasifia ubaridi huku meno yanagongana.

"Akina mama," alianza Jatmiko, "umeme unaowafikia una takataka. Unatoka mbali, unapita kwenye nyaya zenye vumbi na kunguru. Niambieni, mnakula mchele haujapepetwa?"

"Hatuli," waliitikia.

"Basi mbona umeme mnakula na makapi yake? Kisanduku hiki kinaupepeta. Mita yako inahesabu punje tu, makapi yanabaki nje."

Kwa mtu aliyefukuzwa shule kwa kumuuzia mwalimu saa ya mwalimu yuleyule, hayakuwa maelezo mabaya. Bu Kuntari aliuliza kama kuna kisanduku kikubwa kuliko hivyo, cha nyumba ya hadhi. Jatmiko akasema kipo, ni bei mara mbili, akamchagulia kilichokuwa na mchanga mbichi, maana ndicho kizito zaidi.

Bu Wiwik peke yake ndiye aliyekunja uso, ingawa alimwita Mas, kama kijana wa heshima. "Pesa tuliyonayo ni ya paneli za msikiti, Mas. Tukinunua hivi, maji tutaendelea kubeba mpaka lini?"

"Bu, paneli hungoja jua. Punguzeni kwanza mnachopoteza. Mtakachookoa ndicho kitakachonunua paneli, na tena mtanunua chache, kwa sababu mtakuwa mnatumia kidogo."

Hoja hii ilikuwa na kasoro moja tu, kwamba ilikuwa ya kweli. Jatmiko hakuwa na habari. Yeye aliitamka kwa sababu ilikuwa na mdundo mzuri, na wanawake wakaitikia kwa vichwa kwa sababu hiyohiyo.

Likabaki suala la masharti. Kila tapeli mwenye akili huwawekea wateja masharti wasiyoweza kuyatimiza, ili dawa ikishindwa lawama iwe yao. Jatmiko alivua kofia, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya ukoo.

"Kisanduku hiki kina wivu. Kikiona chombo kinakula umeme bure, kinasusa. Wali ukishaiva, chomoeni sufuria, msiuache unapashwa kutwa nzima. Mashine ya maji iwasheni mkitaka chai, kisha izimeni. Mchana mapazia wazi, taa hapana. Kiyoyozi kimoja, chumba chenye mtu, na kisishushwe mpaka mtu ajifunike blanketi. Televisheni isiangaliwe na makochi. Na la mwisho, ndilo kubwa. Asikifungue mtu wala kukichomoa ukutani isipokuwa mkono wangu mwenyewe. Mkono mwingine ukikigusa, kinakufa palepale."

"Masharti mengi kuliko ya mganga," alisema Bu Wiwik.

"Mganga hakupi taa ya kijani, Bu."

Wakanunua. Sanduku la upatu lilifunguliwa, zikatoka pesa zilizopatikana kwa kukaanga tempe za soya, kufua nguo za watu na kujinyima, zikaingia kwenye mkoba wa Jatmiko. Bu Wiwik alizikabidhi kwa mikono miwili, kama ilivyo adabu. Jatmiko alizipokea kwa mikono miwili vilevile, maana adabu hakuwahi kukosa.

Akahamia upande wa pili wa mji, mbali kabisa, akaanza kuulizia bei ya fremu za maduka Batu. Angekwenda zake mambo yakaisha hapo. Lakini kila alipokwenda akakuta sifa zimemtangulia. Kwa kinyozi akasikia kuna mtaa ambao mita hazilii tena. Kwa muuza samaki akasikia kuna mama fulani mwenye viyoyozi vitatu anayelipa nusu ya alichokuwa analipa. Penye foleni ya mafuta ya kula akamkuta bibi mmoja anawasimulia watu habari za fundi Jatmiko, kijana mwenye kipaji, na haijulikani yuko wapi ili watu wampelekee pesa.

Mwanzoni alicheka. Baadaye akaacha kucheka, akachukua kisanduku kimoja kilichokuwa kimebaki, akakichomeka ukutani chumbani kwake, akakaa mbele yake akakitazama. Taa ya kijani nayo ikamtazama. Mwongo akianza kuusadiki uongo wake, naye ameshaingia kwenye foleni ya wateja wake.

"Huenda ni mchanga wenyewe," alijiambia. "Huenda kuna kitu kwenye ule mchanga."

Akapanda pikipiki yake akarudi kwenye kile kichochoro.

Walimpokea kama mtu aliyetoka Maka. Bu Wiwik alimpa kahawa bila kutaka malipo, na vitumbua juu yake. Bu Kuntari alimshika mkono akampeleka ndani: mapazia wazi, jua limejaa sebuleni, sufuria imechomolewa, wali umehifadhiwa ndani ya kikapu umefunikwa kitambaa, friji ya pili imegeuzwa kabati la viatu. Siku hizi majirani walikuwa wanashindana nani anatumia kidogo, na Bu Kuntari, ambaye hajawahi kukubali kushindwa kwa lolote, ndiye aliyeongoza.

"Na masharti mliyafuata?" aliuliza Jatmiko.

"Yote, Mas. Nani anataka kisanduku chake kisuse?"

Jibu lote lilikuwa pale, limekaa mezani limefunikwa kitambaa. Mtu mwenye kichwa cha kawaida angeliona. Kichwa cha Jatmiko wakati huo kilikuwa kimevimba kwa sifa, na kichwa kilichovimba hakina nafasi ya kitu kingine.

Aliporudi kibandani kumalizia kahawa ndipo akatokea mtu aliyejitaja kuwa Pak Handoko, yaani Bwana Handoko. Alikuwa mzee mnene, amevaa batiki ya hariri na pete kila kidole kilichostahili, na alikuwa na namna ya kukohoa kwanza kabla ya kutaja pesa. Akasema ana hoteli katika mji wa Malang, umeme unamla nyama na mifupa, amesikia habari za visanduku, anavitaka vyote vilivyomo mtaani humu. Akataja bei. Bu Wiwik akadondosha kijiko.

"Mimi ndiye fundi wake, Pak," alisema Jatmiko akiwa amesimama kabla hajajua kwamba amesimama. "Nitakutengenezea vipya, vinang'aa."

"Vipya sivitaki, Mas. Kipya nitajuaje kama kinafanya kazi? Kipya mtu anaweza kukitia hata mchanga."

Jatmiko alimeza kitumbua kizima bila kutafuna.

"Nataka hivi vilivyokwisha kuuonja umeme," aliendelea Pak Handoko. Akaingia nyumba hadi nyumba, akavikagua ukutani, akaviwekea saini kwa kalamu ya wino usiofutika, ili asije akabadilishiwa. Aliporudi alikuwa na huzuni. "Wanawake hawa hawataki kuniuzia. Wanasema masharti hayaruhusu mkono wa mgeni. Lazima avichomoe fundi mwenyewe. Basi fanya hivi, wewe vinunue kwao, niletee hotelini, nami nitakulipa bei niliyotaja. Haya, chukua kishika uchumba." Akamtilia bahasha mkononi, si nene, lakini ya pesa halali.

Jatmiko alipiga hesabu kichwani. Hata akivinunua kwa mara tatu ya alivyoviuza, kwa Pak Handoko angepata zaidi ya mara mbili ya hapo. Batu ilikuwa imeshamwita, na si kwa duka moja tena, kwa maduka mawili.

Kuvipata ndiko kulikokuwa kazi. Wanawake ambao zamani walishawishika kwa mfano wa mchele sasa walikuwa wagumu kama jiwe la kusagia. Mmoja alisema kisanduku chake kimeshakuwa kama mtoto. Mwingine alisema ameota kinamsihi asikiuze. Bu Kuntari alitaka bei mara mbili, kwa sababu chake ni cha nyumba ya hadhi, na fundi mwenyewe ndiye aliyesema.

"Bu Kun, nilikuuzia mimi, najua thamani yake," Jatmiko alijitetea.

"Basi kama unaijua, mbona unanipunja?"

Bu Wiwik alikataa katakata. Alikaa nyuma ya sufuria zake akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Mas, mimi ni mjane. Hiki kisanduku ndicho kinachonisaidia. Ukikichukua, nani atanipepetea umeme wangu?"

Jatmiko alipandisha bei. Bu Wiwik akaendelea kulia. Akapandisha tena, na kila alipopandisha wanawake wengine walirudi kudai nyongeza, kwamba nao ni wajane au wako njiani kuwa. Ziliondoka pesa za upatu alizokuwa bado hajazila, ikafuata akiba yote ya Batu, na mwisho pikipiki ikaenda duka la rehani. Alivichomoa visanduku kwa mkono wake mwenyewe kimoja kimoja, kwa uangalifu, huku wenyewe wanaviaga.

Akakodi mkokoteni, akakodi gari la kuubeba, akafika Malang kwenye anwani aliyopewa. Palikuwa na bwawa la kambale. Mwenye bwawa hakuwahi kusikia hoteli wala Handoko, lakini alikuwa mtu mkarimu, akamuuzia kambale wawili.

Njiani kurudi Jatmiko alitafuta sababu. Labda mzee amekosea kuandika. Labda ameugua. Ukiwa umetapeli watu maisha yako yote, wazo la kutapeliwa hukujia mwisho kabisa, tena linabisha hodi kwa woga. Akaamua kwenda kumuuliza Bu Wiwik kama yule mzee aliacha namba nyingine.

Alifika Ijumaa baada ya sala, anausukuma mwenyewe ule mkokoteni wa kukodi, visanduku vyote vikiwa juu yake. Kichochoro kilikuwa kimetandikwa mikeka. Katikati palikuwa na mlima wa wali wa manjano uliozungukwa na kuku na mayai, na juu ya paa la msikiti zilikuwa paneli za sola, mpya, nyeusi, zimeelekezwa juani. Bomba la uani lilikuwa wazi na maji yanatoka kwa nguvu, watoto wanarushiana, na hakuna aliyewakataza. Chini ya ngazi za msikiti alisimama Pak Handoko, amevaa kikoi na fulana iliyotoboka, hana pete hata moja, anagawa chai.

"Shemeji yangu," alieleza Bu Wiwik akifuta mikono. "Mume wa dada. Anaigiza kwenye kikundi cha tamthilia kule kijijini, miaka yote wanampa nafasi za matajiri. Uso wake ndivyo ulivyo, masikini."

"Nilikohoa vizuri?" aliuliza Pak Handoko.

Jatmiko aligeukia mkokoteni, akavitazama visanduku vyake.

"Paka wangu alikiangusha kisanduku cha msikiti kabla sijakipeleka, wiki uliyoondoka," Bu Wiwik aliendelea kwa sauti ya chini, ya mtu anayeongea na mteja. "Kikapasuka. Nililia kweli siku ile, Mas, si kama nilivyolia juzi. Zile zilikuwa pesa za maji. Halafu nikaona mita hazilii. Tukakaa upatuni tukajiuliza, ni mchanga ndio unaookoa umeme, au ni yale masharti? Bu Kun akasema masharti. Basi tukayashika, na wewe tukakutumia sifa kila soko, kila kinyozi. Tulijua mtu kama wewe hawezi kusikia anasifiwa akakaa."

"Huu ni wizi, Bu," alisema Jatmiko, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli.

"Ndiyo. Unataka kuwaambia watu? Kipaza sauti hiki hapa. Waeleze ulichonunua, na waeleze ndani mna nini. Na kile kilichopasuka anacho imamu, amekifunga vizuri kitambaani."

Kipaza sauti kilikuwa kimeshawashwa. Imamu, kwa desturi ya siku za shukrani, alikuwa anawatangaza wafadhili, na sauti yake ilisikika mpaka mitaa ya mbele: paneli hizi na pampu hii zimetolewa na Mas Jatmiko, kijana aliyetoa akiba yake yote, na pikipiki yake, kwa ajili ya maji ya watu asio na undugu nao. Watu wakaitikia amina. Wakamsogeza mbele, wakampa kisu akate ncha ya mlima wa wali kama mgeni wa heshima, wakamtaka aseme maneno mawili.

Alisimama pale na kisu mkono mmoja na kipaza sauti mkono wa pili. Bu Wiwik alikuwa anamwangalia. Imamu naye alikuwa anamwangalia, kitambaa kimekaa magotini kwake.

"Chomoeni sufuria wali ukiiva," alisema Jatmiko. "Fungueni mapazia. Zimeni msichotumia. Jua ni la bure."

Yalikuwa maneno ya kwanza ya kweli aliyowahi kuyatamka mbele ya umati bila kulipwa, na umati ulimshangilia kuliko siku yoyote aliyodanganya. Akamkatia Bu Wiwik ncha ya wali. Bu Wiwik akaipokea kwa mikono miwili, akala yote.

Alipokuwa anajipenyeza kuelekea kwenye mkokoteni, alizibiwa njia. Walikuwa wanawake wa kichochoro cha jirani, kundi zima, waliosikia tangazo wakaja mbio, na pesa walikuwa nazo mkononi, noti mpya zilizokunjuliwa tayari. Wote waliviona visanduku vyeupe vimepangwa mkokotenini, taa ndogo mbele, na saini ya tajiri wa hoteli juu ya kila kimoja.

"Mas, tuuzie," alisema aliyekuwa mbele. "Bei yoyote. Mita zetu zinatuaibisha."

Jatmiko aliziangalia zile noti. Kutoka msikitini Bu Wiwik na imamu walikuwa wamegeuka wanamsikiliza, na mtaa mzima pamoja nao.

"Haviuzwi, Bu," alisema.

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja." Ilimtoka kwa shida, kama mtu anayeng'olewa jino. "Fuateni masharti tu. Hayo ni bure."

Mwanamke yule hakuelewa. Akamshika mkono wa Jatmiko, akaukunjua, akauwekea noti kiganjani ili aone jinsi zilivyo nyingi. Jatmiko alizishika kidogo. Kisha akazirudisha moja baada ya nyingine, huku machozi yanamtoka, na watu wa kichochoro wakasema hawajawahi kuona kijana mwenye moyo safi namna hii.